Eusebio na Kahawa ya Saa Tatu na Nusu

Eusebio Condori alipiga reki changarawe huku akirudi kinyumenyume, asiache alama ya kiatu. Sisi wengine tulifanya hivyo kwenye makaburi yanayoonekana kutoka barabarani. Yeye alifanya hivyo hata nyuma ya banda la mbolea, alikozikwa mchungaji mmoja wa mwaka elfu moja mia nane na kitu ambaye hajatembelewa na mtu tangu alipowekwa. Nilimwambia, bwana, huyu hana mgeni, mwachie nyayo zako apate kujua kuna aliyepita. Akanitazama, akarudi akafuta nyayo.

Mimi naitwa Mwanakombo, mzaliwa wa Chake Chake, na hapa makaburini Lindesby nina mwaka wa ishirini na mbili. Naendesha trekta dogo. Nilikuja Uswidi na Lennart, ambaye alikuja Pemba kuchimba visima, maji akayakosa, akanipata mimi. Watu huniuliza Mwislamu anafanya nini kwenye makaburi ya kanisa. Anakata nyasi.

Kazi yetu ni ya msimu. Aprili theluji ikishayeyuka wanaajiriwa watu, Oktoba wanaagwa kwa keki. Wa mwaka mzima tulikuwa watatu tu: Gunvor msimamizi, mzee Rune, na mimi. Mwaka ninaousimulia wa msimu walikuwa wawili, Eusebio na mama mmoja wa hapahapa mjini aitwaye Ann-Louise, aliyewahi kuwa na duka la nyuzi likafungwa.

Eusebio alikuwa na miaka hamsini na minne. Kwao ni Oruro, Bolivia, huko juu milimani, na nusu ya umri wake aliumalizia ndani ya mgodi wa bati. Uswidi alikuja kwa mkataba wa kukata miti, kampuni ikafa, akabaki na kibali, chumba na sebule, na shoka lisilo na kazi. Mkewe Nicolasa alibaki Oruro anauza uji wa mahindi mekundu sokoni kila asubuhi. Walikuwa hawajaonana miaka mitatu, isipokuwa kwenye kioo cha simu. Ili Nicolasa aje, karatasi zilitaka vitu viwili: mume awe na nyumba, na awe na kazi kamili ya mwaka mzima. Nyumba alikuwa nayo. Na sote tulijua kwamba Rune anastaafu mwaka huo, na nafasi yake itakwenda kwa mmoja wa wale wawili.

Kwa hiyo Eusebio alifanya kazi. Mungu anisamehe, sijaona mtu akifanya kazi vile. Mwezi wa nne tunapanda yale maua madogo ya baridi yenye sura kama za paka waliochukia. Mimi nilipanda boksi nne, yeye kumi na moja. Mei paa walishuka kutoka msituni wakala maua yote ya tulipu usiku mmoja, na Gunvor alipofika asubuhi alimkuta Eusebio ameshang'oa mabua, amesawazisha udongo, na anapanda begonia, kwa kuwa paa hawazipendi. Hakuambiwa na mtu. Sijui alijuaje, huko kwao hakuna paa wala begonia.

Jambo moja tu hakulifanya. Hakunywa kahawa na sisi.

Huku kahawa hunywewa saa tatu na nusu, na tena saa nane na nusu. Si kila mtu na kikombe chake popote alipo. Mnaingia kibandani, mnavua viatu vyenye udongo, mnakaa mezani, kila mmoja kwenye kiti chake, mnakula mkate wa mdalasini na kusema habari za hali ya hewa. Kama jana ilinyesha, mnasema jana ilinyesha. Kama haikunyesha, mnasema pia. Dakika ishirini. Hata siku tuliyokuwa na maziko matatu tulikaa, jeneza la pili likatusubiri kanisani.

Saa tatu na nusu ikigonga Eusebio alihamia makaburi ya mbali. Tukiwa tumekaa tulimwona dirishani, amekunja mgongo, anang'oa magugu.

Rune alimfungulia mlango mara moja, mwezi wa nne. Akasema, "Kahawa ipo." Eusebio akavua kofia, akasema asante, akaendelea na magugu. Rune akafunga mlango. Huku mtu haitwi mara mbili, maana mara ya pili ni kumlazimisha.

Mwezi wa tano mezani walianza kusema. Huku watu hawasemani, wanajiuliza kwa sauti.

"Sijui kama anajisikia vizuri na sisi," alisema Gunvor.

"Labda amezoea peke yake," alisema Ann-Louise, akamimina kahawa. Ni mtu mwema yule mama, sina neno naye. Alijua majina ya wajukuu wote wa Rune, na mkate wake ulikuwa bado wa moto.

"Ana maringo," nilisema mimi. Nilisema kwa sababu mdomo ulikuwa mtupu kwa wakati ule.

Jumatano kabla ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, Gunvor alimtuma Ann-Louise akamwagilie maua. Ann-Louise akaenda bila kuuliza, alijua atazungumzwa nyuma yake. Eusebio hakuhitaji kutumwa, alikuwa kule kule. Tukabaki watatu na birika.

"Natakiwa kupeleka jina ofisini Ijumaa ya wiki ijayo, kabla sijaenda likizo," alisema Gunvor. Ukishakosa kupeleka kitu kabla ya Julai, Uswidi inafungwa, na atakayekujibu ni mashine ya simu. "Tuzunguke meza. Rune?"

Rune alitafuna, akameza. "Eusebio anafanya kazi vizuri kupita sisi wote. Nikiona kaburi alilopiga reki naona haya kulikanyaga. Lakini miezi mitatu sasa, sijui hata kama ana watoto."

"Mwanakombo?"

"Nimeshasema."

Gunvor alizungusha kikombe. "Kazi naweza kumfundisha mtu. Kukaa siwezi. Januari tuko watatu ndani ya kibanda hiki, saa tisa mchana giza, ardhi imeganda hata kaburi halichimbiki bila moto. Nataka mtu ninayeweza kukaa naye."

Hakuna aliyemtaja Ann-Louise, na nafasi ikawa ya Ann-Louise. Ila Gunvor ni mtu wa haki, haki yake inachosha. Akasema hawezi kupeleka jina kabla hajamuuliza Eusebio mwenyewe. Atamwita mezani Jumatatu, baada ya sikukuu.

Mimi nikatoka na hasira. Hasira zangu nazijua, huwa zinamtafuta mtu. Nikapanda trekta nikaenda mpaka mwisho wa makaburi, nikamkuta Eusebio amepiga magoti.

"Ewe bwana we," nikamwambia, "unajiona nani?"

Akainuka, akavua kofia. "Nimekosea wapi, dada?"

"Watu wamekaa, wewe umeinama. Kila siku. Rune amekufungulia mlango kwa mkono wake, umemwacha na mlango wake. Unawaona wananuka? Nafasi ya Rune ilikuwa yako, mpumbavu wewe, na inakwenda kwa mwingine, na si kwa sababu ya kazi. Kwa sababu hukai."

Akasema polepole, kwa Kiswidi chake cha kuokoteza, "Lakini wewe ndiye uliyeniambia."

"Nilikuambia nini?"

"Siku ya kwanza. Trekta ilikataa kuwaka, wewe unaipiga teke. Nikakuuliza, hii kahawa ni ya watu wote? Ukaniambia, kahawa ni ya wenye ajira ya kudumu, ninyi wa msimu mnakunywa mvua."

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka teke. Kwetu Pemba maneno yale ni makaribisho. Mtu angenijibu, basi nipe hiyo mvua na sukari, tukacheka, akavuta kiti. Miaka ishirini na saba niko huku, na bado kuna siku namtania mtu kama niko barazani kwa mama yangu. Waswidi hawacheki, nami nimezoea. Huyu hakucheka pia, ila huyu alitii.

"Na Ann-Louise?" nilimuuliza, natafuta pa kutokea. "Hukumwona anakunywa? Naye si wa msimu?"

"Nilimwona," alisema Eusebio. "Nikajua yeye ni wa hapa."

"Na Rune alipokuita?"

"Nilidhani ni adabu tu. Nikasema, nikifanya kazi vizuri, mwisho wa msimu nitapewa, na mimi nitakaa." Akavaa kofia. "Mgodini kwetu pia kulikuwa na meza ya wakubwa. Si vibaya."

Nikamwambia nitawaeleza. Nikawasha trekta nikaondoka haraka, nikapita juu ya ukingo wa nyasi ambao sipaswi kupita.

Sikuwaeleza. Hapa ndipo ninapojionea haya. Alhamisi nilikwenda kazini, saa tatu na nusu nikakaa kwenye kiti changu, nikala mkate wangu, tukakubaliana kwamba sikukuu itanyesha. Kila nilipotaka kufungua mdomo niliona uso wa Gunvor. Miaka ishirini na mbili wananiheshimu kwa kuwa nimejua kukaa. Nitawaambiaje kwamba nimemnyima mtu kahawa miezi mitatu? Huku ukimwibia mtu gari watakuuliza kwanza ulikuwa na shida gani. Kahawa ni kitu kingine.

Ijumaa ilinyesha. Lennart alikaanga samaki, akachemsha viazi vipya na bizari, tukala bustanini chini ya turubai tukiwa na makoti.

"Una nini?" aliniuliza.

"Sina kitu."

Akanisogezea viazi. Lennart mtu akimwambia hana kitu anamwamini, ndivyo alivyolelewa. Nikajiambia, Jumatatu Eusebio ana mdomo wake, atasema mwenyewe. Akishasema, nitacheka, nitasema ulikuwa utani, na yataisha. Nilijipanga hivyo, mtu mzima, mke wa watu.

Jumatatu saa tatu na nusu Gunvor alitoka mwenyewe akamwita. Eusebio akasema anamalizia safu. Gunvor akasimama pale akangoja safu iishe. Wakaingia. Eusebio akavua viatu, soksi moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, akasimama karibu na mlango mpaka Rune alipomvutia kiti kwa mguu. Ann-Louise alikuwepo, akamwekea kikombe.

Gunvor alimuuliza bila kuzunguka, jambo ambalo kwake ni sawa na kuvua nguo hadharani. "Eusebio, tumekuwa tukijiuliza. Kwa nini hukai na sisi?"

Nilikuwa nimekaa mkabala naye. Nilishajiandaa na kicheko changu, kimefika hapa kooni.

Eusebio aliangalia kikombe. Hakuniangalia mimi hata kidogo. Akasema, "Tumbo langu haliwezi kahawa. Samahani. Nilipaswa kusema."

Rune akatikisa kichwa, pole. Ann-Louise akauliza kama angependa chai. Gunvor akaandika kitu kidogo kwenye daftari lake, akalifunga. Jambo lilikuwa limekwisha. Alikuwa amempoteza Nicolasa kwa sentensi moja, ya adabu, ili mimi nisiaibike mbele ya watu wangu. Na mimi nilimwona akisukuma kile kikombe mbele kidogo, taratibu, kisimguse mkono.

"Anadanganya," nilisema.

Wakanigeukia.

"Hana tumbo lolote. Tumbo lake ni zima. Mimi ndiye nilimwambia siku ya kwanza kwamba kahawa ni ya wenye ajira ya kudumu, na wa msimu wanakunywa mvua. Nilikuwa natania. Yeye akanisadiki. Jumatano alinikumbusha, na Alhamisi nilikuja hapa nikakaa nikala mkate na sikusema. Na maringo nilisema mimi, na sina ushahidi. Huyu mtu anataka mkewe aje, basi. Miaka mitatu hajamwona."

Rune ndiye aliyeongea kwanza.

"Mvua?" alisema.

"Mvua."

"Na alikunywa mvua miezi mitatu," alisema Rune, "na mimi nilikuwa namwangalia dirishani." Akainuka, akachukua kile kikombe cha Eusebio, akakijaza mpaka juu, akakiweka mbele yake. Eusebio akatia vijiko vitano vya sukari, akanywa chote bila kupumua, akasema nzuri. Halafu akasema hana watoto, walipata mmoja hakukaa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nadhani alikuwa ameliweka jibu tangu siku nyingi.

Gunvor hakunikemea. Angenikemea ningepona. Alifungua daftari, akafikiri, akasema sasa hali ni nyingine, na itakuwa si haki kwa Ann-Louise, na itakuwa si haki kwa Eusebio. Kwa hiyo nafasi ya Rune ataigawa. Nusu kwa Ann-Louise, nusu kwa Eusebio. Mnaonaje?

Waswidi wakishagawa kitu katikati wanapata amani hata usoni. Ann-Louise alisema yeye nusu inamfaa, magoti yanamsumbua. Rune akasema ni sawa. Eusebio akasema asante, akasema mara mbili, akatafuta viatu vyake kwa macho. Nusu haikumfaa kitu. Karatasi zilitaka kazi kamili, na yeye alijua, na alisema asante.

"Mpe nusu yangu," nilisema.

Gunvor akaweka kalamu chini. "Mwanakombo, bado una miaka minne kabla ya kustaafu."

"Najua kuhesabu. Mimi nitashika nusu. Nusu yangu na nusu yake inakuwa moja. Moja kamili ya mwaka mzima, iandike hivyo, kamili, usiandike nusu mbili maana wale wa karatasi wataanza kuuliza."

"Umezungumza na Lennart?"

"Lennart anataka nikae nyumbani tangu mwaka elfu mbili na kumi na tano. Atafurahi, maskini, hajui atakachopata."

Nilisema kwa hasira, na nilikuwa najikasirikia mwenyewe. Sikuwa na moyo mkubwa. Nilipenda trekta langu, nikalipenda kila siku ya wiki, na pale mezani nilikuwa natoa Alhamisi na Ijumaa na nusu ya Jumatano, moja moja, na kila moja iliniuma. Eusebio alianza kukataa. Nikamwambia safari hii sitanii, na akinikatalia mbele ya watu nitamgonga na trekta katika siku zangu zilizobaki. Akatazama uso wangu kuona kama hilo nalo ni amri au ni nini. Kisha akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza, na alikuwa na meno machache kuliko nilivyodhani.

Gunvor alizungusha meza tena, kwa utaratibu, kila mtu akaulizwa, hata mimi niliyetoa. Ikapita. Tulikuwa tumekaa dakika arobaini na tano. Hakuna aliyesema kitu kuhusu saa.

Jina lilipelekwa ofisini Ijumaa. Saa tisa mchana, Oruro ikiwa saa tatu asubuhi, Eusebio aliketi juu ya mfuko wa udongo ndani ya banda la vifaa akampigia Nicolasa. Mimi nilikuwa humo natafuta mafuta ya trekta. Nilitaka kutoka, akaniashiria nibaki. Kihispania sikijui. Nilisikia soko, vyombo, watu wakiagiza uji, na sauti ya mwanamke inayohudumia huku inaongea. Eusebio akasema maneno machache. Ile sauti ikakatika, na mteja mmoja akaagiza mara mbili, mara tatu, na hakuna aliyemjibu. Kisha nikasikia anaweka kitu chini, chuma, labda ni upawa.

Nililia, sina sababu ya kuficha. Nililia kwa nguvu, kwa namna ambayo huku hailiwi. Nicolasa alisikia, akauliza. Eusebio akamjibu, akafunika simu kwa kiganja, akanitafsiria bila mimi kumwomba.

"Ameuliza ni nani anayelia," alisema. "Nimemwambia ni dada yangu."